Kumenya mti kama muwa

Hotuba kwa wakulima wa miti na wanafunzi wa klabu ya wanyamapori, Njoro, Kaunti ya Nakuru

Mwenyekiti wa chama chetu cha misitu, wazee wangu, kina mama, vijana, na nyinyi wanafunzi mliokaa pale nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo?

Wa kulaumiwa kwa mazungumzo haya yuko humu ndani. Wiki tatu zilizopita msichana wa kidato cha pili alinisimamisha nje ya agroveti akanionyesha video kwenye simu ya mamake. Dubu mweusi, mkubwa, amekaa kitako chini ya msonobari kama mtu anayekama ng'ombe. Anauma gome pale chini, anakaza shingo, anavuta. Gome linapanda na kuachana na shina, ukanda mrefu kuliko yeye mwenyewe. Kisha anaweka mdomo kwenye ule mti uliobaki uchi na kuanza kuukwangua kwa meno. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu ana njaa au ana wazimu?"

Nikamjibu, njaa, nikaingia kununua dawa ya kupe. Lakini nilipofika kwenye lango la nyumbani lile jibu lilikuwa limeanza kunikera. Njaa ya nini, ya gome? Nani hula gome? Nimefundisha biolojia miaka 31 na nilikuwa nimemjibu mtoto kama mtu anayefukuza kuku. Nikaanza kusoma. Mwenyekiti aliposikia nimeacha hata kuhudhuria mikutano, akaniambia nije nimalizie kusoma mbele yenu.

Tuondoe jambo moja njiani. Dubu Kenya hakuna. Bara zima lilikuwa na mmoja, dubu wa milima ya Atlas kule kaskazini, naye alitoweka katika karne ya 19. Najua pale mbele kuna mzee wangu kutoka Kapsabet ambaye tayari anatabasamu, kwa sababu walowezi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walijaza magazeti yao habari za "dubu wa Nandi", yule ambaye wenyeji walimwita chemosit, mla ubongo. Fuvu lake halikuletwa, ngozi yake haikuletwa. Wengine husema alikuwa fisi, wengine nyegere. Mzee, chemosit tutamzungumzia tukinywa chai. Leo nazungumza juu ya dubu weusi wa Marekani, hasa wale wa majimbo ya Washington na Oregon kwenye pwani ya Pasifiki, na kidogo juu ya wenzao wa Japani.

Sasa namwomba yule msichana aje hapa mbele. Shika muwa huu. Usinipe mimi niukate, wala usitafute panga. Umenye kwa meno.

Mwangalieni. Kule mjini Nakuru tumezoea muuza miwa wa mkokoteni atumenyee na kutukatia vipande kwenye mfuko, lakini sisi tuliokulia upande wa Mumias meno ndiyo yalikuwa panga. Anauma ukingo wa ganda. Anashikilia. Anavuta kwenda chini, ukanda unatoka, anautupa. Anageuza muwa, anauma tena. Ganda lote limeanguka miguuni pake, na bado hajala chochote. Sasa ndiyo anatafuna. Asante mwanangu, kaa na muwa wako.

Mtu asiyewahi kuona muwa, akimtazama kwa mbali, angeandika kwenye daftari lake: binadamu wa Kenya hula maganda. Hivyo ndivyo tulivyomwandika dubu. Gome ni kitu anachokitupa. Ukifika mahali alipokula unalikuta limelala chini ya mti, vipande virefu, kama maganda ya muwa nje ya geti la shule siku ya kufunga.

Basi anakula nini? Nimekuja na tawi la sipresi nililolikata leo alfajiri. Ninapasua gome kwa kisu, hivi, ninaingiza ukucha. Mvua imenyesha wiki nzima kwa hiyo linatoka bila ugomvi, kama soksi. Mlio mbele mnaona linavyong'aa hapa ndani? Kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba, umelowa, unateleza kama sabuni. Humo ndimo mti unamoishi. Upande wa nje wa utando huo ni floemu, mishipa inayoshusha sukari kutoka kwenye majani hadi mizizini. Katikati ni kambiamu, tabaka jembamba sana ambalo kazi yake ni kuzaa seli, nyingine kwenda nje ziwe gome, nyingine kwenda ndani ziwe mbao. Na mbao iliyozaliwa wiki hii bado si mbao. Ni laini, ni majimaji, unaweza kuikwangua kwa kidole gumba. Nawapitishia tawi. Mkwangue, mweke ulimini. Utamu upo, ni kidogo, halafu ulimbo unakupiga puani. Uweke moyoni huo ulimbo, tutaurudia.

Dubu anakwangua hapo hapo, kwa meno yake ya mbele. Kwenye shina zinabaki alama za meno zilizosimama wima, zikipangana kama mistari ya kitana kwenye nywele. Wakaguzi wa misitu wa kule humtambua kwa hizo. Nungu huacha alama nyingine, ndogo, zilizolala.

Mtaniuliza: kwa nini asile mbao yenyewe akashiba? Kwa sababu tumbo lake ni la mla nyama, hata kama chakula chake kingi ni majani na matunda. Hana tumbo lenye vyumba vinne kama ng'ombe, wala ule mfuko wa utumbo ambao sungura na punda huchachushia nyasi. Nyuzi za mti zinampita kama zilivyoingia. Anachoweza kutumia ni sukari, na sukari imejificha kwenye unene wa karatasi chache. Ndiyo maana anahitaji miti mingi. Imeripotiwa kwamba dubu mmoja anaweza kuambua hadi miti 70 kwa siku moja. Sabini! Mkulima aliyepanda ekari moja alale aamke akute hivyo.

Tuje kwenye majira. Dubu mweusi huingia pangoni au ndani ya gogo lenye uwazi msimu wa baridi, akalala miezi. Hali, hanywi, haendi haja. Jike huzaa humo humo, mnamo Januari, na kunyonyesha watoto kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Fikirini kina mama: kunyonyesha mapacha miezi mitatu bila hata kikombe cha uji. Anapotoka majira ya kuchipua amekonda, ngozi inaning'inia. Na nje kuna nini? Kijani kila mahali. Ila ni kijani cha nyasi na majani machanga, matunda ya porini hayajaiva.

Hapa sihitaji kueleza sana, maana nyinyi ni wakulima. Mnaujua mwezi wa Juni. Mahindi yamefika magotini, shamba linapendeza hata mpita njia anakusifu, na ghalani hamna kitu isipokuwa panya waliokosa pa kwenda. Dubu yumo katika Juni yake. Na wakati huo huo mti ndio umeamka: matawi yanachipua, majani yanatengeneza sukari, kambiamu inagawanyika upesi, utando umejaa maji na utamu, na gome halishiki vizuri. Aprili, Mei, Juni. Matunda yakianza kuiva anaiacha miti peke yake, hakuna aliyemfukuza.

Tusimcheke pia. Utando huo huo umewaokoa watu. Wenyeji wa misitu ile ya Pasifiki waliuvuna kama chakula tangu zamani, na bado kuna miti mikongwe yenye makovu yao. Nchini Finland, katika njaa kuu ya miaka ya 1866 hadi 1868, watu walikausha gome la ndani la msonobari, wakalisaga, wakachanganya na unga kidogo uliobaki, wakaoka mkate.

Sasa nafika mahali paliponikosesha usingizi, na naomba wale wenye miti wasogee.

Dubu hachukui mti wowote. Ingekuwa hivyo ningefunga kitabu. Katika misitu mikubwa ya zamani, yenye miti ya karne nyingi, uharibifu wake hauonekani sana. Anapopenda ni kwenye mashamba ya miti. Na ndani ya shamba hachagui mti mnyonge uliobanwa na wenzake. Anachagua ule uliostawi, wa miaka kama 15 hadi 30, wenye gome bado jembamba, unaonenepa haraka. Shamba lililopunguzwa miti ili iliyobaki ipate mwanga, hilo ndilo analolitembelea. Shamba lililotiwa mbolea, hilo pia. Yaani msimamizi wa msitu amefuata kila alichofundishwa chuoni, ametoa miti dhaifu, amebakiza bora, na dubu amekuja nyuma yake kama mnunuzi anayejua bei.

Si kisasi. Mti uliopata nafasi una majani mengi, majani mengi yanatengeneza sukari nyingi, sukari inashuka kwenye floemu, na utando wa mti huo ni mnene na mtamu kuliko wa jirani yake aliye kivulini. Dubu hajui mbolea ni nini. Anajua ladha.

Na ule ulimbo niliowaambia muuweke moyoni? Misonobari hujilinda kwa kemikali zinazoitwa tapini, ndizo zinazoleta harufu kali na uchungu. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walipima miti ambayo dubu wanaila na ile wanayoiacha, wakawapa pia dubu waliofugwa vyakula vya kuchagua. Picha iliyojitokeza ni rahisi: sukari inamvuta, tapini zinamfukuza. Kila mti anauonja kwa mizani hiyo, utamu huku, uchungu kule. Ni mpishi, si mharibifu. Halafu wakagundua jambo lililonifurahisha kuliko yote. Ukipogoa matawi ya chini, sukari kwenye sehemu ya chini ya shina inapungua, kwa kuwa yale matawi ndiyo yaliyokuwa karibu na mdomo wa dubu yakipeleka sukari pale. Tapini hazibadiliki sana. Dubu akifika anaonja, anaona hapalipi, anaenda kwingine. Panga tu! Wala si bunduki.

Nisiwafiche kwamba bunduki pia ilitumika, na kwa miaka mingi. Dubu walipigwa risasi, wakategwa, wakawindwa kwa mbwa. Mwaka 1996 wapiga kura wa jimbo la Washington wakapitisha sheria ya kukataza kuwinda dubu kwa mbwa na kwa chambo. Hebu wazieni karatasi ya kura yenye jina la dubu, hapa kwetu. Kabla ya hapo, mwaka 1985, wenye misitu wa jimbo hilo walikuwa wameanza njia nyingine: kuwawekea vidonge vya lishe vyenye sukari katika mapipa msituni, majira yale yale ya njaa, na kuviondoa matunda yanapoiva. Dubu akishiba vidonge anaacha miti. Binafsi njia hii inanifurahisha na kunichekesha pamoja. Ni kama kumpikia mwizi ili asivunje jikoni. Japani hawapiki. Kule dubu mwenye alama nyeupe ya mwezi mwandamo kifuani huambua miti ya sugi na hinoki, miti ya mbao za thamani, na wakulima huzungushia mashina kamba au mikanda ya plastiki, mti mmoja baada ya mwingine, mlimani. Mikono ya kufanya kazi hiyo sijui tungeitoa wapi.

Kwa nini wahangaike hivyo? Mti si umeambuliwa kipande tu? Wanafunzi, hili huja kwenye mtihani. Maji hupanda kupitia zailemu, ndani ya mbao. Sukari hushuka kupitia floemu, kwenye gome la ndani. Dubu akizunguka shina lote, maji bado yanapanda, majani yako kijani, unapita unasema mti uko salama. Kumbe mizizi haipati chakula. Inakula akiba yake, inaisha, kisha kilele kinakuwa chekundu. Kule Washington wanapanda ndege na kuhesabu vilele vyekundu kutoka angani. Na dubu akila upande mmoja tu, mti unaishi, lakini kuvu wanaingia kwenye kidonda na kuozesha gogo la chini. Nani hajui hapa kwamba gogo la chini ndilo linaloleta pesa?

Si dubu wote wanaofanya hivi, tena. Wengi wanadhani ni ujuzi: mama hufundisha watoto wake, watoto wakikua wanarudia. Labda ndiyo maana bonde moja linaangamia na la pili, lenye dubu vilevile, halina alama hata moja.

Na nisije nikadanganya kwamba kila dubu anayeng'ang'ania mti anakula. Mara nyingi anajikuna mgongo na kuacha harufu yake, kama barua kwa wenzake. Hapo utakuta manyoya yamenasa kwenye ulimbo na mikwaruzo ya kucha, lakini gome halijavuliwa. Picha nyingi mnazotumiana kwenye simu ni za barua hizo.

Sasa kima.

Nilijua mtasogea. Wanaolima kando ya msitu wa Mau mnajua ninachosema. Mimi nina sipresi kama 200 nilizopanda kwenye mteremko. Zilipofika miaka 10 nilizipunguza, nikapogoa kidogo, nikawa najivunia hata kwa wageni. Mwaka uliofuata vilele vikaanza kukauka, kimoja kimoja, rangi ya kutu. Nikasema ni ukame. Mvua ikanyesha, vikaendelea. Nikasema ni ugonjwa, nikanunua dawa, nikapanda ngazi na bomba la kunyunyizia mgongoni, mtu mzima wa umri wangu. Jirani akaniambia kuna mkono wa mtu. Asubuhi moja ya Mei nikatoka mapema kutafuta ndama, nikasikia chrrr, chrrr, juu. Kima sita. Mmoja amekaa kwenye tawi la juu, ameshika shina kama yule binti alivyoshika muwa, anauma, anavuta, anatupa ukanda wa gome ukanidondokea begani. Halafu analamba na kukwangua.

Nilirusha mawe. Nilirusha na maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Nilidhani wananichokoza. Ni hadi nilipomsoma dubu wa Washington ndipo nikarudi kwenye mteremko na daftari, mti kwa mti. Miti iliyoambuliwa ilikuwa mikubwa, yenye nafasi, ile niliyoipenda. Ile myembamba niliyoisahau kwenye kona, yenye kubanana, haikuguswa. Tofauti ilikuwa moja: dubu hukaa chini, kwa hiyo hula chini. Kima hukaa juu, kwa hiyo hula juu, pale gome ni jembamba, na mti haufi wote. Kinakufa kilele, kisha upepo unakivunja, na shina linaota vichwa viwili ambavyo mpasuaji mbao hataki kuviona.

Kwa hiyo kupogoa matawi ya chini, ambako kunamkatisha tamaa dubu, hakumsumbui kima hata kidogo. Msitoke hapa mkakimbilia panga kwa jina langu. Nilichobadilisha mimi ni kupunguza miti kwa awamu, kidogo kidogo, ukingo unaogusa msitu nikiuacha umebanana kwa muda mrefu zaidi, na kuwalipa vijana wawili wapige kelele Aprili na Mei tu, badala ya mwaka mzima. Ni shamba moja, langu, na mwaka huu nimehesabu vilele vipya vilivyokauka: vinne.

Twiga pia, mtaniambia, kwa sababu mmeenda na shule kwenye Hifadhi ya Ziwa Nakuru na mmeona migunga yenye gome la manjano ikiwa imekwanguliwa. Ni kweli. Twiga wale wa Rothschild waliletwa mwaka 1977 kutoka upande wa Soy, karibu na Eldoret, wakakuta migunga. Ila twiga ana tumbo la kucheua, anaweza kuyeyusha vitu ambavyo dubu hawezi hata kuviota, kwa hiyo hadithi yake si hii. Ningehitaji Jumamosi nyingine.

Naona mwenyekiti anagusa saa, na mawingu yamekaa vibaya juu ya Mau. Nyuma ya ukumbi huu kuna sipresi tatu, mliziegeshea pikipiki asubuhi bila kutazama juu. Mbili zimeliwa. Ya tatu imeambuliwa jana au juzi, utando bado umelowa, nyuki wameupata. Ngazi iko, nimeomba kwa mlinzi. Wanafunzi watangulie, mmoja mmoja, na tafadhali yule mwenye muwa asipande nao. Twendeni kabla mvua haijatukuta.